Nani kakuruhusu kushuka mstari? Alama ya "sawa na" na hatua zake tano

Kila baada ya miezi michache swali lile lile hurudi kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja sekondari: 8 ÷ 2(2 + 2) ni ngapi? Lilivuma duniani mwaka 2019, na kwetu halijazikwa hadi leo. Wa kwanza anajibu 16. Wa pili anajibu 1. Wa tatu anaandika MAGAZIJUTO kwa herufi kubwa kana kwamba ametoa hukumu ya rufaa, mwenzetu aliyesomea Kenya anamjibu BODMAS, na ikifika saa nne usiku watu wameacha hesabu, wanatukaniana walimu.

Hilo niliondoe njiani kwanza. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ni kanuni ya kusoma tu. Kazi yake ni kama ya mkato kwenye sentensi. "Mama, Asha amekuja" na "Mama Asha amekuja" ni habari mbili, na ukikuta watu wanagombana ni nani hasa aliyekuja, waonyeshe mkato. Aliyeandika 8 ÷ 2(2 + 2) ameuficha mkato makusudi. Aweke mabano anapotaka, ugomvi utaisha.

Usiku mmoja kilichonikamata kilikuwa kingine. Mtetezi wa 1 alishusha mistari mitano, kila mmoja una alama ya =, na mtetezi wa 16 akamuuliza: "Hapo kati ya mstari wa pili na wa tatu, nani kakuruhusu kushuka?" Kimya. Tumeishi na alama hiyo tangu darasa la kwanza, tumeshusha nayo mistari maelfu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kutaja ruhusa yake. Jibu lipo, na ni fupi kuliko nilivyotarajia nilipokutana nalo mara ya kwanza: hatua zinazoruhusiwa ni tano. Uthibitisho wowote wa milinganyo, uwe wa mtoto wa kidato cha kwanza au wa kompyuta iliyokesha wiki nzima, umejengwa kwa hizo tano.

Fumbo na ahadi

Kabla ya hatua zenyewe, tutenganishe vitu viwili vinavyovaa nguo moja. Ukiandika x + 3 = 10, umetega fumbo. Huyo x ni namba fulani iliyojificha, na kazi yako ni kuitoa mafichoni. Ukiandika x + y = y + x, hakuna aliyejificha. Umetoa ahadi: weka chochote penye x, weka chochote penye y, pande mbili zitalingana. Wa kwanza ni mlinganyo wa fumbo, wa pili nitauita mlinganyo wa daima. Makosa mengi ya aljebra, hata ya watu wazima, ni kumtendea x wa fumbo kana kwamba ni x wa ahadi. Makala hii inahusu ahadi.

Maneno mengine mawili. Tendo ni kitu chochote kinachopokea vitu viwili na kurudisha kimoja. Kujumlisha ni tendo, kuzidisha ni tendo. Mfumo ni mkusanyiko wa vitu pamoja na tendo lake, mradi tendo lisikutoe nje ya mkusanyiko. Wala si lazima vitu hivyo viwe namba, na hapa ndipo utamu unapoanzia.

Chukua ligi ya mtaa yenye timu tatu: Kisiwani, Bondeni na Mlimani. Tendo letu ni mechi. Alama yake iwe ∘, isome "dhidi ya", na jibu lake ni timu iliyoshinda. Tuseme matokeo hayabadiliki: Kisiwani huifunga Bondeni, Bondeni huifunga Mlimani, Mlimani huifunga Kisiwani, kila mara. (Wapenzi wa mpira mnisamehe.) Timu ikipangwa na yenyewe, mshindi ni yenyewe. Huo ni mfumo kamili, una vitu vitatu na tendo moja, na jedwali lake linaenea nyuma ya tiketi ya basi.

Baadhi ya ahadi zinashika kwenye mfumo huu. x ∘ x = x, tumeshasema. Na x ∘ y = y ∘ x, kwa kuwa Kisiwani dhidi ya Bondeni na Bondeni dhidi ya Kisiwani ni mechi ile ile. Ahadi tunazozikubali mwanzoni bila kuzidai uthibitisho tuziite sheria.

Hatua zenyewe

Tatu za kwanza hazihitaji hata kikombe cha chai. Kila kitu ni sawa na chenyewe. Ukiwa na a = b, una haki ya kuandika b = a. Ukiwa na a = b na b = c, unapata a = c. Hiyo ya tatu ndiyo inayokuruhusu kushusha mistari kumi na kuunganisha wa juu kabisa na wa chini kabisa. Usiidharau: uhusiano mwingi hauna sifa hiyo. Rafiki wa rafiki yako si lazima awe rafiki yako. "Karibu sawa" nayo haina. 10 iko karibu na 11, 11 iko karibu na 12, endelea hivyo na utajikuta 100. Ndiyo maana mwalimu mkali hukasirika ukiweka = mahali pa "takriban".

Ya nne ni kujaza fomu. Mkataba wa kupanga nyumba huja na nafasi wazi: "Mimi ........ nitalipa kodi kila mwezi, na iwapo mimi ........ nitachelewa..." Unaweza kujaza jina lolote, lakini ukishajaza Rehema kwenye nafasi ya kwanza, ni Rehema hadi ukurasa wa mwisho. Vivyo hivyo kwenye sheria: herufi yoyote unaweza kuijaza kwa kitu chochote, hata fungu refu lenye mabano ndani yake, ila ujaze kila mahali herufi hiyo inapotokea. Kwenye x ∘ x = x ukijaza (y ∘ z) penye x, unapata (y ∘ z) ∘ (y ∘ z) = y ∘ z. Ukijaza sehemu mbili na kuisahau ya tatu, umeghushi mkataba.

Ya tano ni kubadilisha spea. Ukishajua kwamba a = b, popote a inapokaa ndani ya fungu kubwa unaweza kuichomoa na kupachika b, na fungu zima litabaki sawa na lilivyokuwa. Fundi wa pikipiki anafanya hivyo siku nzima: plagi hizi mbili ni sawa, nikitoa hii nikaweka ile, pikipiki ni ile ile.

Watu huchanganya ya nne na ya tano, nami nilichanganya miaka mingi. Kwenye fomu unajaza herufi, na unalazimika kuijaza kote. Kwenye spea unabadilisha kipande, na una hiari ya kukibadilisha mahali pamoja tu huku pengine ukikiacha. Plagi ya pikipiki moja haikulazimishi ubadilishe za kijiwe kizima.

Basi, zimeisha. Tuone zinavyofanya kazi.

Miaka ya nyuma niliwahi kukaa kwenye kikao cha kamati ya ligi fulani ya mtaani iliyopenda kupitisha kanuni bila kuzipima. Kanuni moja ilisema kucheza nyumbani au ugenini kusibadilishe mshindi. Nyingine, iliyoletwa baadaye kwa sababu za wivu wa viwanja, ilimpa mwenyeji ushindi wa mezani kwenye mechi yoyote yenye vurugu, na vurugu hazikuwahi kukosekana. Kwa lugha yetu, tukiandika mwenyeji kwanza:

x ∘ y = y ∘ x
x ∘ y = x

Ya kwanza ni nyumbani-ugenini, ya pili ni mwenyeji hushinda. Sasa shuka nami:

x = x ∘ y (sheria ya pili, imegeuzwa)
x ∘ y = y ∘ x (sheria ya kwanza)
y ∘ x = y (sheria ya pili, fomu imejazwa upya: y ndiye mwenyeji)

Unganisha: x = y. Timu yoyote ni sawa na timu yoyote. Ukizikubali sheria zote mbili, ligi ina timu moja tu iliyojiandikisha kwa majina mengi. Kila sheria peke yake haina ubaya. Zikikaa pamoja zinaangusha jengo zima, na ilichukua mistari mitatu kuligundua hilo. Kikao chenyewe kilichukua saa tatu na hakikugundua.

Namna ya kusema "haiwezekani"

Turudi kwenye timu zetu tatu. Mtu anadai: "Kama x ∘ x = x na x ∘ y = y ∘ x zinashika, basi lazima mabano hayana maana, yaani (x ∘ y) ∘ z = x ∘ (y ∘ z)." Dai linasikika vizuri. Kujumlisha hakujali mabano, kuzidisha hakujali mabano, na sheria ya kubadilishana nafasi tunayo. Unamjibuje?

Ungeweza kukaa wiki ukitafuta uthibitisho, ukakosa, ukasema haupo. Hilo si jibu. Labda hukutafuta vizuri. Njia ya kweli ni kumchezea mechi mbili. Panga Kisiwani na Bondeni kwanza, mshindi akutane na Mlimani:

(K ∘ B) ∘ M = K ∘ M = M

Kombe linakwenda Mlimani. Sasa badilisha ratiba tu, Bondeni na Mlimani waanze, Kisiwani isubiri fainali:

K ∘ (B ∘ M) = K ∘ B = K

Kombe linakwenda Kisiwani. Timu ni zile zile, uwezo ni ule ule, na mwandaaji wa ratiba ndiye aliyechagua bingwa. (Sasa unajua kwa nini watu hugombania nafasi kwenye kamati.)

Angalia tulichokipata. Kila moja ya hatua tano ni ya uaminifu: zikianza na sheria zinazoshika kwenye mfumo, zitazaa milinganyo inayoshika kwenye mfumo huo huo. Sheria zetu mbili zinashika kwenye ligi ya timu tatu. Dai la mabano halishiki. Kwa hiyo hakuna mlolongo wa hatua, uwe na mistari kumi au bilioni kumi, unaoweza kulitoa dai hilo kwenye sheria hizo. Jedwali dogo limefunga mlango uliokuwa na njia zisizo na idadi.

Wala usidhani mambo haya ni ya ligi za kubuni tu. Kujumlisha kwenyewe, kwa namna kompyuta nyingi zinavyohifadhi desimali, kunajali mabano. Mwambie programu (0.1 + 0.2) + 0.3 atakupa 0.6000000000000001; mwambie 0.1 + (0.2 + 0.3) atakupa 0.6. Anayeandika programu za fedha hujifunza hili mapema, au hujifunza kwa hasara.

Hapa pia inakufa imani moja iliyoenea: "Nimejaribu kwa namba mia, zote zimekubali, kwa hiyo ni kweli." Majaribio mia yanayokubali hayajathibitisha ahadi ya daima. Jaribio moja linalokataa limeiua.

Hatua ya sita inayojipenyeza

Kuna ule "uthibitisho" kwamba 2 = 1 ambao nao huzunguka kwenye simu zetu. Anza na a = b. Zidisha kwa a: a² = ab. Toa b²: a² − b² = ab − b². Weka mabano: (a − b)(a + b) = b(a − b). Futa (a − b) pande zote: a + b = b. Kwa kuwa a = b, 2b = b, basi 2 = 1.

Maelezo ya kawaida ni kwamba umegawanya kwa sifuri, na ni kweli. Lakini ukiwa na orodha ya hatua tano mkononi huhitaji hata kuiwinda sifuri. Pitia mstari kwa mstari ukiuliza ruhusa. Kuzidisha pande zote kwa a ni hatua ya tano: a ni sawa na b, pachika ndani ya fungu kubwa zaidi. Kutoa b², hivyo hivyo. Kuweka mabano ni sheria za namba. "Kufuta pande zote" je? Haimo. Hatua ya tano inakupeleka kutoka a = b hadi ac = bc. Haina gea ya kurudi. Kutoka ac = bc hadi a = b ni ruhusa ya ziada ambayo mfumo fulani unaweza kuwa nayo kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyovunjwa. Spea zikiwa sawa, pikipiki zitakuwa sawa. Pikipiki zikienda sawa, haifuati kwamba spea zote ndani zinalingana.

Kupanda kabla ya kushuka

Mfano mmoja mzito kidogo, kwa sababu unaonyesha kwa nini hatua tano rahisi huzaa kazi ngumu. Alama ∘ sasa ibebe kazi nyingine: kufanya mambo kwa mfululizo. Herufi e ni kutofanya chochote, na x' ni kinyume cha x, kama kufungua kwa kufunga. Tumepewa sheria tatu tu:

e ∘ x = x
x' ∘ x = e
(x ∘ y) ∘ z = x ∘ (y ∘ z)

Kinyume tumeahidiwa kikikaa kushoto. Je, kikikaa kulia nacho kinafuta, yaani x ∘ x' = e? Sheria hazijasema. Lakini:

x ∘ x'
= e ∘ (x ∘ x')
= (x'' ∘ x') ∘ (x ∘ x')
= x'' ∘ (x' ∘ (x ∘ x'))
= x'' ∘ ((x' ∘ x) ∘ x')
= x'' ∘ (e ∘ x')
= x'' ∘ x'
= e

Simama kwenye mstari wa tatu. Ametokea mgeni, x'', kinyume cha kinyume, ambaye hakuwepo kwenye swali wala kwenye jibu. Ameingiaje? Tumechukua sheria ya pili, tukajaza x' kwenye fomu penye x, tukapata x'' ∘ x' = e, tukaigeuza, kisha tukatoa e kama spea tukapachika hilo fungu. Hatua ya nne, ya pili na ya tano, zote halali. Kisichokuwa kwenye kanuni yoyote ni wazo la kumwita mgeni huyo. Shuleni tumefundishwa "rahisisha", tukaelewa fupisha. Hapa fungu lilibidi lirefuke maradufu kwanza, kisha ndipo likaporomoka hadi herufi moja. Kanuni zinakuambia unachoruhusiwa, hazikuambii kinachofaa.

Je, tano zinatosha?

Mwaka 1935 Mmarekani Garrett Birkhoff, akiwa na miaka 24, alichapisha kwenye jarida la Cambridge makala iliyolijibu swali hilo. Jibu: zinatosha. Kama mlinganyo unashika kwenye kila mfumo unaozitii sheria zako, basi upo uthibitisho wake kwa hatua tano, wenye mwisho.

Wazo lake ni la kijanja. Tuseme kuna mlinganyo ambao hatua tano haziwezi kuufikia. Lazima tuonyeshe mfumo ambamo sheria zinashika na mlinganyo huo unakataa. Tuutoe wapi? Tuujenge kwa maandishi yenyewe. Chukua mafungu yote yanayoweza kuandikwa, x, x ∘ y, (x ∘ y) ∘ z na kadhalika, na uyafanye hayo ndiyo vitu vya mfumo. Mafungu mawili yawe kitu kimoja pale tu ambapo hatua tano zinaweza kuyaunganisha. Mfumo huo unazitii sheria, na pande mbili za mlinganyo wetu zimebaki vitu viwili tofauti ndani yake. Yaani kukosekana kwa uthibitisho kumegeuka kuwa mfano wa kupinga.

Lakini soma ahadi ya Birkhoff polepole, kwa kuwa hapa wengi huteleza. Amesema *kila mfumo* unaozitii sheria. Hakusema mlinganyo ulio kweli kwa namba zetu za kawaida. Tofauti hiyo ilikuja kuonekana wazi kwenye swali la Alfred Tarski, mwanalojiki aliyezaliwa Poland. Chukua sheria 11 za shule ya sekondari kuhusu 1, kujumlisha, kuzidisha na vipeo, zile kama x(y + z) = xy + xz na kipeo cha jumla kuwa zao la vipeo. Je, kila mlinganyo wa aina hiyo ulio kweli kwa namba nzima chanya unatoka kwenye hizo 11?

Mwingereza Alex Wilkie alionyesha kwamba hapana. Alitunga mlinganyo ulio kweli kwa namba chanya zote, na sheria 11 haziufikii. Siri yake inapendeza: ukweli wa mlinganyo huo unategemea kipande 1 − x + x², nacho kina kutoa ndani yake. Namba zinakijua, lakini lugha ya sheria 11 haina alama ya kutoa, kwa hiyo haina njia ya kupita mtaa huo. Mwaka 1985 R. Gurevič alitengeneza mfumo wa vitu 59 ambao unatii sheria zote 11 na kuukataa mlinganyo wa Wilkie. Baadaye wengine waliupunguza hadi vitu 12. Ni ligi ya timu tatu ile ile, imekua kidogo.

Kusubiri daladala

Kwa hiyo uthibitisho ukiwepo, upo kwa hatua tano. Kuupata ni shughuli nyingine. Miaka ya 1930 Herbert Robbins alipendekeza sheria moja, n(n(x + y) + n(x + n(y))) = x, ambamo + inashika nafasi ya "au" na n nafasi ya "si", akauliza iwapo, ikisaidiwa na zile za kubadilishana nafasi na za mabano, inatosha kuzaa sheria zote za "na", "au" na "si" zinazoendesha saketi za kompyuta. Tarski aliwapa wanafunzi wake swali hilo. Hawakulimaliza. Oktoba 1996 programu iitwayo EQP, iliyoandikwa na William McCune wa maabara ya Argonne karibu na Chicago, ilileta uthibitisho baada ya siku kama nane za kukokotoa. Wapo waliodhani kompyuta ilijaribu namba zote. Hapana. Ilijaza fomu na kubadilisha spea kama tulivyofanya hapo juu, ila bila kuchoka, na ilichotoa ni mistari ambayo binadamu anaweza kuikagua mmoja mmoja.

Basi tuziachie kompyuta kila kitu? Mwaka 1947 Andrei Markov huko Urusi ya Kisovieti na Emil Post huko Marekani, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba kuna orodha fupi za sheria ambazo hakuna programu inayoweza kukuambia daima iwapo pande mbili ulizoipa zinaungana au haziungani. Ni kama kusubiri daladala usiku. Ikija, umejua. Isipokuja kwa saa nzima, hujajua kama imechelewa au kama ya mwisho ilishapita, na hakuna wa kumuuliza.

Septemba 2024 Terence Tao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwaalika watu mtandaoni, wanahisabati na wasio wanahisabati, kwenye kazi ya kipekee. Walichukua sheria zote 4694 zinazoweza kuandikwa kwa tendo moja likitumika si zaidi ya mara nne, na kwa kila jozi wakauliza: hii inazaa ile? Jozi ni 22,028,942. Kila "ndiyo" ilihitaji mlolongo wa hatua, kila "hapana" ilihitaji mfumo wa kupinga, na majibu yote yalikaguliwa na programu ya Lean ili neno la mtu lisitegemewe. Kama asilimia 37 zilikuwa ndiyo. Hapana nyingi zilimalizwa na majedwali madogo kama la ligi yetu, ila nyingine ziligoma kabisa na zikahitaji mifumo yenye vitu visivyo na mwisho. Kufikia mwaka 2025 zote zilikuwa na jibu.

Limebaki kando swali moja ambalo halikuwa kwenye hesabu hiyo. Sheria waliyoipa namba 677 ni x = y ∘ (x ∘ ((y ∘ x) ∘ y)). Namba 255 ni x = ((x ∘ x) ∘ x) ∘ x. Ya kwanza haiizai ya pili. Hilo lilithibitishwa, lakini kwa mfumo usio na mwisho. Je, ukijibana kwenye mifumo yenye idadi ya vitu inayohesabika hadi mwisho, iwe mitatu au milioni, 677 inailazimisha 255? Mradi ulipofungwa hakuna aliyekuwa na uthibitisho, wala jedwali la kupinga. Nimelituma swali hilo kwenye kundi letu Jumapili. Wa kwanza amejibu 16.